Geuza Kofia Ndani Nje: Vidokezo vya Kutunza Kumbukumbu za Sindano

Baada ya Alasiri, barazani Makunduchi au kwenye kichochoro cha Malindi, Unguja, huenda ukamkuta mtu kainamia kitambaa cheupe. Anashona kofia ya viua. Kofia nzuri ya mkono haimalizwi kwa siku moja wala mbili. Huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, na katika muda huo nyumbani hupita harusi, homa ya mtoto, mgeni kutoka Pemba, msiba. Mshonaji yote anayakumbuka kwa kuangalia mahali sindano ilipokuwa imefika. Ukitaka na wewe uyajue, fanya haya.

1. Anza na kofia iliyomo nyumbani, na uigeuze ndani nje. Nje ni kwa ajili ya watu. Ndani ndiko mkono unakojulikana: mafundo, uzi uliobadilika weupe pale ule wa mwanzo ulipoisha, kiua kimoja kilichobanwa kuliko wenzake. Kofia ya mashine haina habari hizo.

2. Usimhoji mzee, mpe sindano. Ukimwekea simu usoni na kumwambia "Bibi, tuhadithie ya zamani," atakujibu kwa adabu maneno mawili na kunyamaza. Mpe kazi mkononi, kaa ubavuni pake, kisha uliza jambo dogo: "Bibi, ua hili ulifunzwa na nani?" Mikono ikishughulika, mdomo hufunguka wenyewe. Rikodi sauti tu, na simu iwe pembeni.

3. Andika jina analoliita ua lile, kama alivyolitamka. Usimsahihishe.

4. Shona mwenyewe, japo kidogo. Kofia kamili ni kazi ya wenye subira, kwa hiyo anza na foronya au kitambaa cha mkono. Chukua vipande viwili vya bafta, chora ua kwa penseli kwenye kipande cha juu, vipige bandi visiteleze, toboa kitundu, kisha zungushia uzi ukingo wake mpaka kikaze. Hicho ndicho kiua. Vya mwanzo vitakuwa kama meno ya mtoto, usivifumue. Na kama kuna kanzu ya marehemu baba iliyochakaa, upande wake wa chini mara nyingi bado mzima. Kata kipande, darizi hapo. Utashangaa utakavyomkumbuka huku unatunga uzi, na si siku ya hitima peke yake.

5. Tia herufi za jina na mwaka, upande wa ndani. Wakubwa hulikataa hili: "Kazi yangu naijua." Sawa, yeye anaijua. Mjukuu je?

6. Mkumbuke Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Unguja. Alizaliwa 1844 katika jumba la Mtoni, akaondoka Unguja 1866, na 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani kwa jina la Emily Ruete. Miaka ishirini ugenini, na bado aliweza kusimulia jinsi wanawake wa nyumba za Sultani walivyoshona na kudarizi. Vivyo hivyo kwa familia zilizokwenda Oman baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964: kumma, yaani kofia ya Muscat, na kofia ya Unguja ni ndugu, na wapo kule wanaovaa vichwani mkono wa bibi yao. Kama una jamaa Muscat, mwombe picha ya kofia ya zamani, nje na ndani.

7. Ogopa unyevu kuliko panya. Masika ya Unguja huotesha ukungu hata kwenye kasha zuri. Usifungie kofia kwenye mfuko wa plastiki. Izungushie kitambaa safi cha pamba, weka karafuu chache pembeni, na uitoe ipate hewa mara kwa mara. Ifue kwa mkono, sabuni ya kawaida, bila dawa ya kung'arisha. Wanga tia siku unayotaka kuivaa, kisha ikaushe juu ya bakuli lililopinduliwa. Ukiiweka kabatini na wanga wake, wadudu watakushukuru. Udi fukiza, lakini chetezo kiwe mbali. Cheche moja inatosha.

8. Ivae. Kofia inayokaa kashani mwaka mzima haiulizwi na mtu. Ivae Idi na harusini, kuna atakayekusimamisha akwambie, "Huu si mkono wa bibi yako?" Hapo umepata hadithi ambayo hukuwa nayo.

9. Ukienda soko la Darajani kununua kofia mpya, uliza imeshonwa wapi na nani. Muuzaji akilijua jibu, usimkandamize bei hadi ya kofia ya mashine.