Anwani na Hodi: Kufunza Uwekaji wa Kadi ya Mlango wa Mfululizo kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi ya kuweka na kusanidi kadi ya mlango wa mfululizo katika kompyuta ya zamani. Aidha, inachunguza kosa moja la istilahi ambalo mwandishi alilifanya alipoandaa maelezo ya kazi hiyo kwa Kiswahili, na jinsi kosa hilo lilivyozaa kosa la kiufundi. Hoja ya makala ni kwamba tatizo la kufunza teknolojia kwa Kiswahili si uhaba wa maneno tu. Tatizo kubwa zaidi ni kutumia neno moja kwa vitu viwili ambavyo mtendaji ni lazima avitenganishe.

1.0 Utangulizi

Mnamo mwaka 2023, mwandishi na wanafunzi wenzake wawili waliombwa na mhadhiri mmoja mstaafu wamsaidie kuokoa maandishi yaliyokuwa katika kompyuta yake ya aina ya 286. Maandishi hayo yalikuwa ngano, nyimbo za kazi na tenzi alizozinukuu kutoka kwa wazee mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kaseti za sauti zilikuwa zimeharibika kwa unyevu. Wengi wa waliosimulia walikuwa wamekwisha kuaga dunia. Kwa hivyo, nakala pekee iliyosalia ilikuwa katika diski kuu ya mashine hiyo, yenye ukubwa wa MB 20.

Msomaji huenda akauliza: kwa nini diski hiyo isitolewe na kuchomekwa katika kompyuta mpya? Jibu ni kwamba diski za kizazi hicho huongozwa na kadi yake maalumu, na kompyuta za leo hazina mahali pa kuiunganisha. Kiendeshi cha disketi nacho kilikuwa kimekufa. Mlango wa mfululizo uliokuwapo ulikuwa umeunguzwa na radi, ingawa chipu yake ilikuwa bado inajibu inapoulizwa na mashine. Kadi iliyobeba mlango huo ndiyo iliyobeba pia saketi za kuongoza diski, basi kuiondoa ilikuwa muhali. Njia iliyobaki ilikuwa kuongeza kadi ya pili.

Mwandishi alipewa jukumu la kutafsiri maelezo ya kadi hiyo ili mwenzetu aliyekuwa na mkono mwepesi wa bisibisi aifanye kazi. Tulishindwa mara mbili kabla ya kufaulu. Kushindwa kwa mara ya pili ndiko kulikozaa makala hii.

2.0 Mlango wa Mfululizo ni Nini?

Mlango wa mfululizo ni tundu la kompyuta linalopitisha biti moja baada ya nyingine katika waya mmoja, mithili ya watu wanaopita mmoja mmoja katika kichochoro chembamba. Huu hutofautiana na mlango sambamba, uliotumiwa zaidi na printa, ambao hupitisha biti nane bega kwa bega katika nyaya nane. Kiwango kinachotawala umeme wa mlango wa mfululizo huitwa RS-232, na toleo lake la C lilitoka mwaka 1969. Kompyuta ya IBM PC ilipoingia sokoni mwaka 1981, ilitumia kadi ya mfululizo yenye chipu iitwayo 8250.

Kuhusu istilahi, wapo wanaosema "bandari", wapo wasemao "poti", na wapo wasemao "mlango". Neno "bandari" humpeleka msomaji pwani kwenye meli na makuli, ilhali maana inayolengwa hapa ni mahali pa kuingilia na kutokea. Mwandishi amechagua "mlango" kwa sababu neno hili, kama itakavyodhihirika, hubeba pia maelezo ya jinsi kadi inavyofanya kazi.

3.0 Mambo Mawili ya Kusanidi

Kadi ya zamani haijitambulishi yenyewe kwa kompyuta. Ni mtu anayeiambia ikae wapi na iitikie vipi. Hufanya hivyo kwa jampa, yaani kifuniko kidogo cha plastiki chenye chuma ndani ambacho huunganisha pini mbili zilizosimama juu ya kadi. Mambo ya kusanidiwa ni mawili.

3.1 Anwani

Anwani ni namba ambayo prosesa huitumia inapotaka kuifikia kadi. Mlango uitwao COM1 hukaa kwenye 3F8, COM2 kwenye 2F8, COM3 kwenye 3E8 na COM4 kwenye 2E8. Namba hizi ni za mfumo wa kumi na sita, na ndiyo sababu zina herufi ndani yake. Kadi mbili haziwezi kuwa na anwani moja, kama ambavyo nyumba mbili za mtaa mmoja haziwezi kupewa namba moja bila barua kupotea.

3.2 Hodi

Prosesa haikai mlangoni ikingoja data. Ina kazi zake. Herufi inapowasili, kadi huipelekea prosesa ishara ya kuiomba isitishe kazi kwa muda mfupi sana na kuja kuipokea. Baadhi ya watungaji wa istilahi huiita ishara hii "kikatizo". Mwandishi anapendekeza kwamba mwanafunzi afunzwe kwanza kwa neno "hodi", kwa maana ndicho kitendo chenyewe: mgeni amefika, anabisha, naye mwenyeji huacha alilokuwa akilifanya ili aitikie.

Waya unaopitisha hodi huwa na namba yake, na juu ya kadi huandikwa IRQ. COM1 na COM3 kwa kawaida hutumia IRQ 4. COM2 na COM4 hutumia IRQ 3. Hapa pana mtego. COM1 na COM3 zina anwani tofauti lakini hodi yake ni moja. Ikiwa kipanya kimechomekwa COM1 na kifaa kingine COM3, huenda kila kimoja kikafanya kazi vyema kinapotumiwa peke yake, kisha mashine ikakwama vitumiwapo pamoja. Kadi za kizazi hicho, ziitwazo ISA, hazikubuniwa kuchangia hodi.

Haraka ya kuitikia nayo ni muhimu. Katika kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kila herufi huhitaji biti 10 ikiwa tutahesabu biti ya kuanzia na ya kukomea. Hivyo basi, herufi 960 hupita kila sekunde, yaani takriban moja kwa kila milisekunde. Chipu ya 8250 humwekea mwenyeji herufi moja tu iliyokamilika. Asipoitikia hodi kabla ya inayofuata kukamilika, ile ya kwanza hupotea. Chipu ya baadaye, 16550A, ina sebule ya kukalisha herufi 16, na ndiyo iliyo bora kwa kasi kubwa.

4.0 Hatua za Uwekaji

(i) Andika kwanza milango iliyopo tayari, anwani zake na hodi zake. Usianze kwa bisibisi. Anza kwa kalamu.

(ii) Zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme. Fungua kasha, kisha gusa chuma chake kitupu ili umeme tuli ulio mwilini usiiunguze kadi.

(iii) Panga jampa za kadi: kwanza za anwani, kisha za hodi. Zisome upya kabla ya kuendelea.

(iv) Tafuta sloti iliyo wazi. Kadi fupi ya biti 8 huweza kukaa katika sloti ndefu ya biti 16. Ishike kadi kwa kingo zake, isukume chini kwa nguvu sawa pande zote, kisha ikaze kwa skrubu. Kadi isiyokazwa huinuka upande mmoja kebo inapovutwa.

(v) Washa mashine. Katika DOS, andika DEBUG, kisha D 40:0. Katika mstari wa kwanza utaona F8 03, na baada yake F8 02 ikiwa mlango wa pili umetambuliwa. Namba hizi husomwa kinyumenyume, kama vijana wasemavyo lugha ya kinyume: F8 02 ni 02F8. Andika Q ili kutoka.

(vi) Weka kasi na kanuni za mawasiliano kwa amri MODE COM2:9600,N,8,1. Maana yake ni kasi ya 9600, bila biti ya uhakiki, biti 8 za data na biti moja ya kukomea. Kompyuta ya upande wa pili ni lazima isanidiwe vivyo hivyo.

(vii) Unganisha kompyuta mbili kwa kebo ya kuvuka. Katika kiungio cha pini 9, pini ya 2 hupokea na ya 3 hutuma. Basi 2 ya upande mmoja huenda kwa 3 ya upande wa pili, na 3 kwa 2; 5 huenda kwa 5. Ni vyema pia 7 na 8 zivuke, na 4 na 6 vilevile, kwa kuwa DOS hungoja ishara za pini hizo kabla ya kutuma. Kompyuta mpya isiyo na mlango huu huweza kutumia kebo ya kugeuza ya USB.

5.0 Kosa la Istilahi, Kosa la Kadi

Mara ya kwanza tuliiacha kadi jinsi ilivyotoka dukani, ikiwa COM1. Ilikuwa na anwani moja na ule mlango uliounguzwa na radi, na hapakuwa na mawasiliano yoyote. Sababu ilitambulika upesi.

Mara ya pili mwenzetu aliihamisha kadi iwe COM2. DEBUG ilionyesha F8 02 na sote tukafurahi. Tulipoanzisha programu ya kuhamisha faili, kompyuta ya kupokea ilionyesha kwamba kipande cha kwanza cha data kimefika. Ikajibu. Kompyuta kuukuu haikulisikia jibu hilo, ikatuma kipande kile kile tena na tena hadi ikakata tamaa. Tulibadilisha kebo. Tulipunguza kasi. Alasiri nzima ilipita, naye mwenye kompyuta akaanza kutuuliza, kwa upole, kama pengine maandishi yenyewe ndiyo yaliyoharibika.

Ndipo mwandishi alipojaribu jambo jingine. Aliandika COPY UTENZI.TXT COM2, na maneno yakaanza kutiririka katika kompyuta ya pili. Amri hiyo hutuma bila kutegemea hodi: prosesa yenyewe huuliza mlangoni kila mara kama njia i wazi. Kwa hivyo anwani ilikuwa sahihi, kebo ilikuwa nzima na maandishi yalikuwa salama. Kilichokosekana ni hodi. Tulipofungua kasha tena, tuliona kwamba jampa ya anwani ilikuwa imehamishwa, lakini ya hodi ilikuwa bado kwenye IRQ 4. Kadi ilikuwa ikibisha katika mlango mmoja, nayo programu imetega sikio katika mlango mwingine.

Kosa halikuwa la mwenzetu. Katika maelezo aliyopewa, mwandishi alikuwa ametafsiri mambo yote mawili kwa maneno "namba ya mlango". Aliyesoma "badilisha namba ya mlango" mara mbili alidhani kwamba sentensi ya pili inasisitiza ya kwanza. Alibadilisha mara moja, akaridhika. Kiswahili hakikuwa na upungufu wowote hapo. Neno "hodi" lilikuwepo siku zote, katika kinywa cha kila mtoto anayetumwa kwa jirani. Aliyepungukiwa ni mtafsiri, kwa kuwa alitafsiri bila kuelewa kwamba anwani humwelekeza mwenyeji alipo mgeni, ilhali hodi humwarifu kwamba mgeni amefika.

Jampa ilipohamishwa hadi IRQ 3, faili ya kwanza ilivuka salama. Utenzi wa beti 500, ikiwa kila ubeti una takriban herufi 80, ni herufi 40,000. Kwa kasi ya 9600 huhitaji sekunde zipatazo 42, tusipohesabu muda wa uhakiki. Kabla ya giza kuingia, faili zote zilikuwa zimehamishwa. Mhadhiri alitaka zifunguliwe moja baada ya nyingine mbele yake, na akazisoma sauti mistari ya mwanzo.

6.0 Hitimisho

Kazi ya kukipa Kiswahili istilahi za kompyuta imepiga hatua. Itakumbukwa kwamba Jambo OpenOffice, iliyotokana na kazi iliyofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa mwaka 2004, nayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, orodha ya istilahi haitoshi. Makala hii inapendekeza mambo matatu. Kwanza, mtunzi wa istilahi ashike kifaa chenyewe au akae na anayekishika. Pili, kabla ya kuidhinisha neno, aulize ni kitu gani kingine katika kazi hiyo hiyo kinachoweza kuitwa kwa neno hilo. Tatu, maelezo yajaribiwe kwa kumpa mtu ayatekeleze, si kwa kumpa ayasome na kuyasifu.

Mwanafunzi wa Kiswahili asidhani kwamba mambo haya ni ya mafundi pekee. Katika ofisi na nyumba za watafiti wa kale mna mashine kama ile tuliyoifungua, na ndani yake huenda mna sauti za watu ambao hatutawapata tena kuwahoji. Anayejua kuzifungua na asiyejua Kiswahili hatatambua thamani ya alichokipata. Anayejua Kiswahili na asiyejua kuzifungua ataziona zikibebwa kwenda jaani. Ni wajibu wetu kuyajua yote mawili, na kuyaeleza kwa lugha ambayo mwenzetu aliyeshika bisibisi hataikosea.