Saratani ya Ngozi: Vua Soksi Uangalie

Leo napenda tuzungumzie saratani ya ngozi, ambayo wengi wetu tunaiita ugonjwa wa Wazungu. Hata mimi niliposomea uuguzi nyumbani nilijua ni shida yao na ya ndugu zetu wenye ualbino, basi. Niliporudi darasani hapa Uingereza ndipo nikafunguka macho.

Ni kweli weusi wa ngozi hutukinga sana na jua. Lakini ipo saratani iitwayo melanoma, na kwa sisi watu weusi mara nyingi huota mahali pasipopigwa jua: chini ya unyayo, kiganjani au chini ya ukucha. Bob Marley aligunduliwa nayo kwenye dole la mguu mwaka 1977, baada ya kudhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, ikiwa imeshafika kwenye ubongo.

Sasa utajuaje? Madoa ya nyayoni tunayo wengi, na mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida yetu, usipate presha. La kuangalia ni doa jipya linalotanuka, kidonda kisichopona, au mstari kwenye ukucha mmoja unaozidi kuwa mpana, hasa weusi ukiingia kwenye ngozi ya pembeni. Ukijigonga, damu iliyovilia husogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Weusi usiosogea mwonyeshe daktari. Kovu la zamani la moto likitoa kidonda, nalo lionyeshe, maana laweza kuota saratani ya aina nyingine.

Najua wapo wanaoogopa kwenda kwa sababu ya makaratasi. Hapa England kujiandikisha kwa GP hakuhitaji kibali cha kuishi, na kumwona ni bure. Hospitalini baadhi ya wasio na kibali hutozwa, lakini hilo lisikuzuie kufika kwa GP. Kiingereza kikikupiga chenga omba mkalimani, naye ni bure. Mwambie daktari doa lilianza lini na limebadilikaje. Akisema ni fangasi na dawa isisaidie, rudi tena, usione haya. Akikutuma hospitali kwa haraka, lengo ni upewe jibu ndani ya siku 28. Huko hukata kipande kidogo kwa sindano ya ganzi, na ikiwahiwa, mara nyingi kuitoa kwa upasuaji mdogo kunatosha.

Wiki ijayo tutazungumzia saratani ya shingo ya kizazi.