Mama Mzazi Anapochanganyikiwa
Somo: 1 Wafalme 19:4-8

Eliya aliomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Nayasema haya kwa sababu tulimkosea mama mmoja hapa kambini. Siku ya sita baada ya kujifungua alikuwa halali kabisa, anasema bila kukoma, anasikia sauti, anadai mtoto si wake. Tukasema ni pepo. Tukamfungisha siku tatu, tukakesha tukimwombea kwa kelele, na mimi ndiye niliyeongoza. Mzazi asiyelala, tukamnyima na usingizi kidogo uliobaki! Hali ikazidi. Dada yake ndiye aliyempeleka kituo cha afya, akapewa dawa. Leo yuko kwaya, mtoto mgongoni.

Ugonjwa huu huwapata wazazi 1 au 2 katika kila 1,000, mara nyingi ndani ya wiki 2 za kwanza. Si ule unyonge wa kulialia siku chache ambao akina mama wengi huupitia. Si laana, na unatibika, lakini haungoji: mpelekeni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Asiachwe peke yake na mtoto. Msimfunge kamba wala kumwita mchawi. Akipata mimba tena, mkunga aambiwe mapema, maana ugonjwa unaweza kurudi.

Nanyi akina baba, msimngoje mchungaji kwanza. Niiteni, nitaomba tukiwa njiani.