Dondoo muhimu: Kuwasha dizeli asubuhi ya baridi

Njombe na Makete mwezi Julai ni baridi kali, na injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Silinda baridi hulinyonya joto hilo, mafuta yakatoka bila kuungua: ndiyo ule moshi mweupe unaochoma macho. Washa swichi, subiri plagi za hita zipashe silinda joto na taa ya koili kwenye dashibodi izime, ndipo upige stata. Usipige resi, oili bado nzito haijafika kwenye tabo. Wala usiliache gari likiunguruma nusu saa, maana injini isiyo na mzigo hupata joto polepole mno; badala yake ondoka taratibu. Kamwe usiwashe ndani ya banda lililofungwa, tafadhali! Moshi mweupe ukiendelea injini ikishapata moto, fundi akague plagi za hita na nozeli.