Pariti ya Zamani Usiiondolee Macho

Wadogo zangu, swali limerudi tena: seva ya nyumbani ina diski za terabaiti 8, umenunua ya 16, uichomeke wapi? Kwenye pariti, ile diski ya kukuokoa diski ya data ikifa. Unraid, mfumo unaoendesha seva yako, haikubali diski ya pariti iwe ndogo kuliko diski yoyote ya data, kwa hiyo hiyo kubwa itaanzia huko, hata roho ikikuuma kuona terabaiti 16 hazihifadhi hata picha moja ya harusi.

Sasa punguza haraka. Ukishaweka pariti mpya, seva husoma diski zote za data ili ikokotoe pariti upya. Kwa wastani wa megabaiti 180 kwa sekunde, terabaiti 16 huchukua zaidi ya saa 24. Kama pariti ni moja tu, muda wote huo seva haina kinga, na diski iliyochoka hupenda kuanguka siku ya kazi nzito kama hiyo.

Ndiyo maana kabla ya kugusa bisibisi, endesha ukaguzi wa pariti bila kuiruhusu isahihishe chochote, kisha usome ripoti ya SMART, yaani ripoti ya afya, ya kila diski. Sekta zilizohamishwa au zinazosubiri zikiongezeka, shughulika na diski hiyo kwanza. Makosa ya CRC yasikutie kiwewe. Mara nyingi ni waya umelegea. Diski mpya nayo ijaribiwe kwa kuandikwa na kusomwa yote, maana upya si uzima.

Halafu piga picha ukurasa unaoonyesha diski ipi iko nafasi ipi, na ulinganishe namba za lebo. Ukikosea ukaiweka diski ya data kwenye nafasi ya pariti, pariti itaandikwa juu yake na mafaili yatakwenda. Hapo hata mimi sina dawa.

Una tundu la ziada la SATA? Basi mambo ni mepesi: weka mpya kama pariti ya pili, isubiri imalize, ndipo uitoe ya kwanza. Hutakaa bila kinga hata dakika. Ila pariti ya pili hujali mpangilio wa nafasi, kwa hiyo usizihamehamishe diski za data baadaye.

Kama tundu hakuna, toa pariti ya zamani, weka mpya mahali pake, washa diski katika hali ya matengenezo ili kisiandikwe kitu kwenye data, na ile ya zamani ikae kabatini vilevile ilivyo. Diski ya data ikifa katikati, hiyo ndiyo itakayokuokoa, mradi data haijabadilika. Umeme wa kwenu ukiwa wa kukatika-katika, usianze bila UPS.

Na wewe unayeniambia, “Dada, si pariti ndiyo nakala yangu?” Hapana, mpenzi. Ukifuta faili, pariti hulifuata papo hapo. Nakala iwe kwingine.

Kazi ikiisha, kagua tena. Makosa yakiwa sifuri, irudishe ile ya zamani kama diski ya data. Seva itaifuta yenyewe.