Mkanda wa gari: Sheria imbane mwenye basi kabla ya abiria



Katika somo la Qadar, kijana mmoja wa kidato cha nne aliniuliza: "Ustadhi, kama siku ya kufa imeshaandikwa, kwa nini mtu atozwe faini kwa kutofunga mkanda wa gari?" Wenzake walicheka, lakini ndani ya swali lile mna maswali mawili. La kwanza ni la itikadi: je, kujikinga kunapingana na Qadar? La pili ni la sheria: je, mtawala ana haki ya kumlazimisha mtu mzima kuilinda nafsi yake mwenyewe? Wengi wetu tukishajibu la kwanza hudhani tumemaliza. Tuyatazame yote mawili.

Qadar si kisingizio

Zama za ukhalifa wake, Umar bin Khattab (RA) alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapata habari kuwa tauni imeingia nchi ile. Akashauriana na Masahaba, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda (RA) akamuuliza kama anaikimbia Qadar ya Allah. Umar akamjibu kuwa wanatoka katika Qadar moja kwenda katika Qadar nyingine ya Allah huyo huyo. Akampigia mfano wa mchungaji aliye kwenye bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine ni kavu: popote atakapolisha ngamia wake, atakuwa amelisha kwa Qadar.

Tunapokisoma kisa hiki mara nyingi tunasahau jambo moja. Umar hakujiokoa peke yake. Alikuwa kiongozi, na uamuzi wa kurudi aliutangaza kwa watu aliokuwa nao.

Mkanda unafanya nini?

Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na wewe uliyekaa ndani unakwenda mwendo huo huo. Gari likigonga likasimama, mwili wako hausimami nalo. Unaendelea mbele mpaka ukutane na usukani, kioo au kiti cha mwenzako. Kwa hesabu ya fizikia, kishindo cha mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 25 hivi, yaani ghorofa ya nane. Kazi ya mkanda ni kuukamata mwili kwenye mifupa ya kifua na nyonga ili usimame pamoja na gari. Mkanda tunaoutumia leo, wenye kushika sehemu tatu, ulibuniwa na mhandisi wa Sweden, Nils Bohlin, mwaka 1959 akiwa Volvo, na kampuni hiyo ikawaruhusu watengenezaji wengine kuutumia. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kwa wanaokaa viti vya mbele, mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa karibu nusu.

Sasa tukumbuke kuwa Mtume (SAW) alitahadharisha juu ya mtu anayelala kwenye paa lisilo na kizuizi. Ikiwa dini yetu inajali ukingo wa paa la nyumba, vipi kuhusu mtu aliyekaa juu ya ghorofa ya nane iendayo kwa magurudumu?

"Roho ni yangu"

Wapo wanaosema: sawa, mkanda una faida, lakini roho ni yangu, serikali inaingiaje? Kwanza, roho si yako, ni amana. Pili, madhara hayaishii kwako. Abiria wa kiti cha nyuma asiyefunga mkanda hurushwa juu ya aliyekaa mbele yake, na dereva aliyeng'oka kwenye kiti hawezi tena kulishika gari. Kisha kuna mjane anayekaa eda, watoto wanaokosa ada, na ndugu wanaopitisha daftari la mchango wa hospitali. Huu ni mfano wa wale watu wa jahazi aliotupigia Mtume (SAW): waliokaa chini walitaka kutoboa sehemu yao wachote maji. Lau wa juu wangewaachia kwa kuwa ni sehemu yao, wangezama wote.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba sheria ya kulazimisha mkanda ni ya haki. Jimbo la Victoria huko Australia lilianza mwaka 1970. Uingereza iliwalazimisha wa viti vya mbele kuanzia Januari 1983. Katika majimbo ya Marekani, New Hampshire pekee ndiyo isiyomlazimisha mtu mzima.

Mpaka wa mamlaka

Lakini tusiishie hapo. Wanazuoni wa fiqhi wameweka kanuni kuwa maamuzi ya mtawala juu ya raia yamefungamana na maslahi yao. Kanuni hii inampa mtawala nguvu na wakati huo huo inamwekea mpaka. Kumtoza faini abiria ambaye kiti chake hakina mkanda hakuna maslahi yoyote. Hiyo ni dhulma, na ni mlango wa rushwa.

Majirani zetu wa Kenya wametuachia somo. Kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilianza kutumika Februari 1, 2004. Matatu zote zilitakiwa ziwe na mkanda kwenye kila kiti na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Nyingi zilikaa nje ya barabara na watu wakaenda kazini kwa miguu, lakini hatimaye wenye magari walifunga mikanda. Serikali ilianza na mwenye gari, na hapo ilipatia. Baadaye usimamizi ulilegea. Mikanda ikachakaa na kuchafuka, na abiria wakazoea kujitandazia kifuani wanapomwona polisi. Hata hivyo mpangilio ulibaki kuwa wa haki: kanuni za mwaka 2016 zilitaja faini ya shilingi 1,000 za Kenya kwa kila kiti kisicho na mkanda, na 500 kwa abiria asiyeufunga.

Hapa kwetu, kwa miaka mingi sheria ilimwangalia zaidi dereva na abiria wa mbele. Katika safari moja ya Tanga, kiti changu kilikuwa na mkanda lakini hakina pa kuchomeka. Nilipomuuliza kondakta akanijibu: "Ustadhi, wewe soma dua tu." Tulipomkaribia trafiki, yeye huyo akawahimiza wa mbele wafunge haraka. Dua tuliisoma. Lakini dua haikuletwa ili impunguzie mwenye basi gharama za matengenezo.

Tufanye nini?

Naona utaratibu uwe hivi. Mikanda yote ikaguliwe kabla basi halijatoka stendi, kama zinavyokaguliwa tairi. Faini ya kwanza iwe ya mwenye gari, tena kwa kila kiti. Hayo yakitimia, ndipo abiria aliyeukalia mkanda mzima naye atozwe, na hapo hatakuwa na hoja.

Na sisi tusisubiri trafiki. Kamati za misikiti na walimu wa madrasa hukodi mabasi kwa ajili ya semina, ziara na mazishi. Huwa tunauliza bei na idadi ya viti. Tuulize na mikanda, tukaijaribu wenyewe kabla ya kutoa malipo ya awali. Watoto tunaowapakia humo tumekabidhiwa na wazazi wao, na tutaulizwa.