Vipimo ni Safi, Lakini Maumivu ni ya Kweli

Mama mmoja muuza omena kutoka Homa Bay alinijia na bahasha iliyojaa karatasi za maabara. Kwa miaka miwili alikuwa akiumwa kichwa, mgongo na tumbo, na moyo ukimwenda mbio. Alikuwa amezunguka huku na huku hadi Migori, akatibiwa malaria mara kadhaa, kisha homa ya matumbo. Mwishowe aliambiwa hana ugonjwa wowote.

"Daktari," aliniuliza, "kwani mimi ni mwongo?"

La hasha! Msomaji, maumivu yote husikika katika ubongo, hata ya kidole kilichokatwa. Ndani ya ubongo mna mitandao ya neva. Mmoja hupokea habari kutoka mwilini na kuamua ipi ni ya hatari. Sehemu yake kuu huitwa insula. Mwingine hufanya kazi tunapojiwazia sisi wenyewe. Mingine hupokea hisia za ngozi, misuli na viungo vya ndani.

Watafiti wanaotumia mashine ya MRI wameona kwamba kwa watu wenye tatizo hili, mawasiliano baina ya mitandao hiyo hutofautiana na ya watu wengine. Mfano wake ni mlinzi wa usiku ambaye boma lake liliwahi kuvamiwa. Sasa hupuliza filimbi hata jani likianguka. Filimbi inasikika kweli, ingawa mwizi hayupo.

Hata hivyo, matokeo hayo hupatikana kwa kulinganisha makundi ya watu. Picha hiyo haiwezi kumpima mgonjwa mmoja, kwa hivyo usiuze ng'ombe ili upigwe.

Je, daktari hutambuaje? Mwaka wa 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliweka kanuni mpya: dalili zinazosumbua maisha, pamoja na hofu au mawazo yaliyopita kiasi juu yake, kwa kawaida zaidi ya miezi sita. Si lazima vipimo viwe safi. Mtu mwenye virusi vya ukimwi au selimundu, magonjwa tunayoyaona sana kandokando ya ziwa, aweza kuwa na tatizo hili pia.

Si jambo geni kwetu. Mwaka wa 1979 Daktari David Ndetei na mwenzake Muhangi walichapisha utafiti wa wagonjwa wa kawaida katika kliniki ya mashambani Kenya. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na shida ya kiakili.

Ufanye nini, basi?

Kwanza, chagua mhudumu mmoja wa afya na umwone kwa tarehe mlizopanga, hata ukiwa na nafuu.

Pili, usimeze dawa ya malaria kabla ya kupimwa.

Tatu, mweleze yaliyokupata: msiba, deni, ugomvi nyumbani. Ushauri nasaha husaidia. Wengine huhitaji dawa za mfadhaiko.

Nne, rudia kazi na matembezi kidogo kidogo.

Lakini ukipungua uzito, ukipata homa, ukitoa damu, ukibanwa kifua ghafla au upande mmoja wa mwili ukilegea, nenda hospitali mara moja.

Mama yule angali huumwa siku nyingine. Lakini amerudi sokoni, na bahasha ameiacha nyumbani.